Makhan Singh: Msee Aliyeitisha Uhuru Kaloleni, Akawekwa Ndani Miaka 11 na Nusu

Ukiwa kwa mathree Jogoo Road, jam imekushika na kondaa anaendelea kubanana watu, Kaloleni iko hapo tu. Pengine hujawahi kushuka. Siku moja shuka, ingia ndani ya mtaa, ulizia ukumbi. Ni jengo la kawaida kabisa, watu hufanyia harusi na mikutano ya chama.

Sasa rudisha saa hadi Jumapili, 23 Aprili 1950. Ukumbi huo umejaa. Chama cha KAU na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki wameitisha mkutano wa pamoja. Hotuba ni zile za kawaida za enzi hizo: serikali iongeze viti, serikali irekebishe hili, serikali isikie kilio. Halafu anasimama Singasinga mmoja mwenye kilemba na ndevu, miaka 36, anatoa pendekezo lake. Hataki viti viongezwe. Anataka Afrika Mashariki yote ipewe uhuru kamili, nchi zijitawale zenyewe. Huo mwaka hata wengi wa viongozi waliokuwa kwa hiyo ruum walikuwa hawajathubutu kulisema hivyo mbele ya umati.

Siku 22 baadaye sanse walimchukua. Alikuja kuwa huru tena Oktoba 1961.

Huyo ndiye Makhan Singh. Jina pengine ulilisoma mahali darasani ukalipita haraka ukienda kwa Kenyatta na Kimathi. Si kosa lako, vitabu vyenyewe humpa sentensi mbili. Lakini ukitaka kujua neno usalama linaweza kumfanya nini mtu ambaye hajawahi kushika bunduki, maisha ya huyu buda yatakufunza kuliko ya wengi.

Alizaliwa 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab, sehemu ambayo leo ni Pakistan. Mzae wake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala. Alitangulia kuja Kenya 1920 kufanya kazi reli, baadaye akafungua kiwanda cha kuchapisha Nairobi. Makhan alimfuata 1927 akiwa na miaka 13. Alisoma ile shule ambayo leo tunaiita Jamhuri High, na alikuwa kichwa ile mbaya. Alimaliza, lakini doo ya kwenda chuo ng'ambo haikuwepo, basi akaingia kwa kiwanda cha mzae kushika mashine. Jioni alikuwa anaandika mashairi ya Kipunjabi.

Hiyo kazi ya kuchapisha ndiyo ilimharibu machoni pa mkoloni. Mafundi wa Kihindi walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, na 1935 wakamchagua katibu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kubadilisha jina. Chama kilikuwa cha Wahindi, akakifanya cha wafanyakazi wote wa Kenya, rangi yoyote. Matangazo ya mikutano yakawa yanatoka kwa mashine ya babake kwa lugha kadhaa, Kiswahili na Kigikuyu zikiwemo.

Elewa kwa nini hilo lilikuwa noma. Nairobi ilijengwa kwa mafungu. Mzungu aliishi kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake na kipande shingoni. Mishahara ilikuwa mitatu kwa kazi moja. Fundi wa Kihindi aliambiwa shida yake ni Mwafrika atakayekubali pesa kidogo, na Mwafrika akaambiwa shida yake ni Mhindi. Makhan Singh alikuja akawaambia hao wote kwamba wanagawanywa na bosi mmoja. Mwaka wa 1937 chama chake kiliongoza mgomo Nairobi uliochukua siku 62, na waajiri wakakubali kuongeza mishahara. Siku 62, manze! Siku hizi mgomo ukifika wiki tatu tunaanza kuuliza watu wanakula nini.

Mwisho wa 1939 akaenda India. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeanza Septemba mwaka huo, na Mwingereza akaiingiza India vitani bila kuwauliza Wahindi. Pamoja na vita ikaja sheria ya ulinzi wa India, ambayo ilimpa mtawala nguvu ya kumshika mtu yeyote anayeshukiwa kuhatarisha usalama, bila kumpeleka kortini. Makhan Singh alikuwa Ahmedabad, mji wa viwanda vya nguo, akiwa bega kwa bega na wafanyakazi waliogoma. Mei 1940 akachukuliwa. Hakusomewa mashtaka.

Tulia kidogo kwa huo mwezi wa Mei 1940, kwa sababu huku Nairobi kitu kile kile kilikuwa kinatendeka. Serikali ya hapa ilipiga marufuku KCA, chama cha Wakikuyu, pamoja na vyama vya Wakamba na Wataita, kisha ikafagia viongozi zaidi ya 20. Sababu iliyotolewa ni kwamba walikuwa wanaongea na Waitaliano waliokuwa Ethiopia. Miongoni mwa waliobebwa alikuwemo Jesse Kariuki, ambaye alikuwa amekaa kamati moja na Makhan Singh kwa chama cha wafanyakazi. Yaani marafiki wawili, bahari nzima katikati yao, wanafungwa mwezi mmoja kwa sheria za aina moja na mkoloni mmoja. Hakuna aliyethibitishiwa kosa mbele ya hakimu.

Usinielewe vibaya. Vita vilikuwa vya kweli. Hitler hakuwa hadithi, na Waitaliano walikuwa mpakani kweli, Julai 1940 waliteka Moyale. Serikali yoyote iliyo vitani itaogopa watu wa ndani, na uoga mwingine huwa na msingi. Mimi sibishani na hapo. Mimi naangalia kile kilichofuata.

Makhan Singh alikuwa mkomunisti, na hakuwahi kuficha. Mwanzoni wakomunisti wa India waliipinga vita, wakisema ni ya mabeberu wao kwa wao. Kwa hivyo ukiwa Mwingereza unaweza kusema, sawa, huyu ni hatari kwa vita. Lakini Juni 1941 Ujerumani ikaivamia Urusi, na wakomunisti wakageuka, wakaanza kuunga vita mkono. Mwaka wa 1942 chama chao kikahalalishwa India. Ile sababu ya kumfunga ikawa imekufa kabisa. Unadhani aliachwa aende zake? Alitolewa jela, akaamriwa akae kijijini kwao, asitoke. Alikaa hapo mpaka Januari 1945. Sababu ilizikwa, amri ikabaki inatembea.

Wakati huo Waafrika wa Kenya karibu 100,000 walikuwa wamevaa sare za jeshi la Mfalme. Walipigana Ethiopia, wakapigana Burma. Wengine ambao hawakwenda vitani walilazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya masetla kwa jina la juhudi za vita. Waliporudi 1945, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kura. Baraza la kutunga sheria lilikuwa na Mwafrika mmoja, Eliud Mathu, naye aliteuliwa na gavana. Usalama wa dola uliwahitaji, haki za siasa zikawaambia wangoje.

Makhan Singh alirudi Nairobi Agosti 1947 na familia yake. Serikali haikumtaka. Ilijaribu kumfukuza nchini, yeye akaenda kortini, wakavutana mara kadhaa na ikashindwa kumtoa. Ikabidi sheria zenyewe zirekebishwe. Sasa vita vya dunia vilikuwa vimeisha, lakini vingine vya maneno kati ya Magharibi na Urusi vilikuwa vimewaka, na mtu mwekundu Nairobi alihesabiwa kama bomu.

Yeye akaendelea tu. Tarehe 1 Mei 1949 akaunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi pamoja na Fred Kubai. Kubai rais, yeye katibu mkuu. Serikali ikakataa kulisajili. Machi 1950 Nairobi ikapewa hadhi ya jiji na mwanamfalme akaletwa kwa sherehe. Mbogi ya Kubai na Makhan Singh ikawaambia watu wasiende, kwa sababu jiji linalosherehekewa ni la matajiri, na mwenye kulijenga analala watu kumi kwa chumba. Kisha ikaja ile Jumapili ya Kaloleni.

Walishikwa 15 Mei 1950. Siku iliyofuata Nairobi ikasimama. Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, watu walitoka na hawakuenda kazini kwa zaidi ya wiki. Walitaka viongozi wao, walitaka mshahara, walitaka pia uhuru. Karao walirusha gesi ya machozi na magari ya kijeshi yakapitishwa mitaani ili watu waone. Kama ulikuwa town Juni 2024 jeshi lilipoitwa kusaidia polisi, unajua vile mtaa hunyamaza likipita.

Sasa fika Nyeri, kwa sababu hapo ndipo pana kiini cha hii stori. Kosa pekee ambalo korti ilimpata nalo Makhan Singh lilikuwa kuongoza chama kisichosajiliwa, kile ambacho serikali yenyewe ilikataa kukisajili, na hukumu ilikuwa faini. Faini! Ingeishia hapo. Lakini kulikuwa na sheria mpya ya kuwahamisha watu wanaoonekana kuwa hatari. Chini ya sheria hiyo jaji haulizi umefanya nini. Anauliza wewe ni mtu wa aina gani na unaweza kufanya nini kesho. Jaji alikuwa Ransley Thacker. Makhan Singh hakumrahisishia kazi wakili wake. Alipoulizwa, alikubali kwamba ni mkomunisti, na akaeleza mbele ya jaji kwamba Mwingereza hana haki ya kuitawala Kenya.

Fikiria uko hapo kizimbani. Mtu anayeshtakiwa kwa wizi anaweza kuleta shahidi kuonyesha hakuiba. Wewe utaleta shahidi gani kuonyesha hutakuwa hatari mwaka ujao? Thacker alipendekeza azuiliwe, gavana akatia sahihi, na mwezi Juni akapelekwa Lokitaung, kaskazini ya Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia. Amri haikuwa na tarehe ya kuisha. Mwizi huhesabu siku zake ukutani. Yeye hakuwa na kitu cha kuhesabu.

Ukikumbuka hayo majina utashtuka. Thacker huyo huyo ndiye aliyekaa Kapenguria kuwahukumu Kenyatta na wenzake, Kubai akiwemo, na Lokitaung hiyo hiyo ndiko walikopelekwa baadaye. Kwa Makhan Singh serikali ilikuwa imefanya mazoezi. Wakati huo alikuwa amehamishwa Maralal, na kutoka Maralal akapelekwa Dol Dol, Laikipia, ambako alimaliza miaka mingi kuliko kwingine.

Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Hapa tena tusidanganyane, damu ilimwagika. Mau Mau waliua, askari na homugadi wakaua wengi zaidi, Lari Machi 1953 watu walichinjwa na kuchomwa usiku mmoja, kisha kisasi kikafuata. Serikali ilikuwa na kitu cha kuogopa. Lakini cheki vile iliutumia uoga huo. KAU ikapigwa marufuku 1953. Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi, likawachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa, na makumi ya maelfu wakapelekwa kambini bila kesi. Vyama vya Waafrika viliporuhusiwa tena, viliambiwa viwe vya wilaya tu, nchi nzima hapana. Na Machi 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao, Mkikuyu hangepiga bila cheti cha kuonyesha alikuwa mtiifu kwa serikali. Kura ikawa zawadi ya kukaa vizuri.

Makhan Singh hakuwa na mkono kwa lolote kati ya hayo. Msitu ulipowaka yeye alikuwa na miaka miwili ndani tayari. Alikuwa anasoma, anaandika barua za kudai aachiliwe, anapanga karatasi zake. Bibi yake, Satwant Kaur, alibaki Nairobi na watoto wakikua bila baba. Mlango mmoja ulikuwa wazi muda wote: akubali kuondoka Kenya aende India, ayamalize. Wangempakia kwa meli na shangwe. Alikataa, kwao ni hapa.

Na sasa sehemu inayonifanya mimi niweke simu chini kila nikiifikia. Januari 1960 Hali ya Hatari iliondolewa rasmi. Dharura imekwisha, serikali yenyewe imesema. Kambi zinafungwa, na huko London wanasiasa wa Kenya wanakaa mezani na Mwingereza kupanga katiba. Kile kitu alichokiomba Kaloleni sasa kinajadiliwa Lancaster House na watu waliovaa tai. Makhan Singh yuko wapi? Dol Dol. Yeye hakuwekwa ndani kwa sheria ya dharura. Amri yake ilikuwa ya zamani, ya 1950, haikufa na dharura. Alikaa miezi mingine 21. Kenyatta mwenyewe aliachiliwa Agosti 1961, na bado zamu yake haikuwa imefika.

Alitoka 22 Oktoba 1961. Piga hesabu nami: alishikwa India akiwa na miaka 26, akatoka Dol Dol na 47. Katikati ya hiyo miaka 21, alitembea huru kama mitano tu. Iliyobaki ilikuwa jela, kijiji alichokatazwa kutoka, au jangwa.

Watu walimpokea kwa shangwe, akajiunga na KANU. Baada ya hapo mambo yakapoa. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na wakubwa wapya, na mwekundu wa zamani hakufaa kwa picha. Uhuru ukaja Desemba 1963, vyeo vikagawanywa, yeye akaachwa pembeni. Hakupewa wizara wala ubalozi. Alirudi kwa karatasi zake.

Halafu ikaja 1966. Jaramogi Oginga Odinga alitoka KANU na kuunda KPU. Serikali ya Kenya huru ikapitisha mabadiliko yaliyoirudishia nguvu ya kumfungia mtu bila kesi kwa ajili ya usalama wa umma. Haikuhitaji kuvumbua kitu. Sheria ya kulinda usalama wa umma iliachwa na mkoloni alipokuwa anafunga Hali ya Hatari, ilingoja tu kuamshwa. Kati ya waliotangulia kubebwa mwaka huo walikuwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Oktoba 1969, baada ya risasi za Kisumu, Jaramogi mwenyewe alizuiliwa na KPU ikapigwa marufuku. Waliotia sahihi amri hizo, wengine walikuwa wamekula ugali wa kizuizini wenyewe.

Makhan Singh aliyaona hayo yote akiwa Nairobi. Mwaka huo huo wa 1969 kitabu chake kuhusu historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya kilitoka. Ni kizito, tarehe juu ya tarehe, mikutano, maazimio, majina ya makarani na mafundi ambao hakuna mwingine aliyewakumbuka. Kinaishia 1952.

Nisikupambie pia. Imani yake kwa Urusi ilikuwa na upofu wake. Miaka ile ile yeye anapigania haki ya mfanyakazi wa Nairobi, serikali ya Stalin ilikuwa inafunga na kuua raia wake kwa maelfu kwa maelfu, ikisema ni usalama wa nchi. Angeishi huko na ule mdomo wake, sidhani angefikisha 47. Hilo halimfanyi Mwingereza kuwa sawa. Linaonyesha tu kwamba hiyo dawa ya usalama ilikuwa inauzwa kwa maduka yote, nyekundu na bluu.

Alifariki 18 Mei 1973 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 59. Nguvu ya kumzuia Mkenya bila kesi ilibaki kwenye sheria zetu hadi 1997, na katikati hapo ikapitisha kizazi kizima cha wahadhiri, wanasheria na waandishi.

Zile karatasi alizozipanga maisha yake yote ziko Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuna barua alizoandika kuomba uhuru wake, na matangazo ya mikutano kutoka kwa mashine ya mzae wake. Ukiwa na kitambulisho na siku moja ya kupoteza, unaweza kuomba kuziona.